Kidole cha Hajira na Marehemu Aliyechemka

"Toa kidole hicho, Bibi Hajira!"

"Sitoi."

"Nakwambia toa! Geji imesimama pale pale, mshale haujacheza hata kidogo. Hakuna hewa inayoingia."

"Mshale umesimama kwa sababu kidole kimesimama. Nenda kwenye ndoo yako ya rezini, fundi, niachie kidole changu."

Simeo akatupa tambara chini. Kijana huyu wa Mpale alikuwa ndiye fundi mkuu wa karakana, na fundi mkuu hapendi kuambiwa jambo mara mbili na mama anayelipwa naye ujira wa kukata vitambaa. "Nyie Wazigua! Mkishika kitu mmeshika. Sasa utakaa hapo umeinama mpaka lini?"

"Mpaka igande. Na nyie Washambaa mkiona maji mnauliza daraja liko wapi, kwa hiyo usinifundishe habari za boti."

Alijibu kwa kejeli, lakini chini ya kidole gumba chake kulikuwa na kitu kinachovuta. Kilivuta taratibu, bila kupumzika, kama ndama aliyepata titi. Hajira alikuwa akijua, na katika ghala lile zima alijua peke yake, kwamba akiinua kidole kile boti itameza hewa.

Na boti ile ilikuwa ya mwanawe.

Mtu ambaye hajawahi kuona kazi ile angedhani wanamfunga maiti mkubwa. Kalibu ya boti, ndefu hatua saba, ilikuwa imelala chali katikati ya ghala la zamani la mkonge, pale Korogwe. Ndani yake walikuwa wametandika vitambaa vya nyuzi za mkonge, tabaka juu ya tabaka, vilivyoanikwa juani siku tatu kama mahindi, maana mkonge ukiwa na unyevu hata kidogo rezini, ile gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu, inaukataa. Juu ya vitambaa kulikuwa na wavu, na juu ya wavu nailoni moja pana iliyofunika kila kitu. Kingo za nailoni zilibandikwa kwenye kalibu kwa utepe mzito wa gundi, mweusi, unaonata na kuvutika, ambao wote pale karakana waliuita bigijii.

Mipira ilikuwa miwili. Wa kwanza ulitoka kwenye ndoo ya rezini na kupita katikati ya tumbo la boti. Wa pili ulizunguka ukingoni, ukatokea nyuma, ukaingia kwenye ndoo ya mtego ya kudaka rezini itakayozidi, kisha ukaenda kwenye pampu. Pampu ikishanyonya hewa yote, nailoni inabana vitambaa mpaka unaweza kuhesabu nyuzi. Hapo ndipo fundi anapofungua kibano cha mpira wa rezini, nayo rezini inakimbia yenyewe kwenda kujaza mahali hewa ilipokuwa. Hakuna anayeisukuma. Inavutwa, kama mtu anavyovutwa na harufu ya pilau ya jirani.

Pampu yenyewe ilikuwa na sauti mbaya. Inasemekana siku ilipowashwa mara ya kwanza, kuku wa mtaa mzima waliacha kutaga kwa wiki mbili, na mmoja alipoanza tena alitaga yai lisilo na kitu ndani, limenyonywa. Hajira alisema yai hilo alilishika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyembishia, kwa sababu ukimbishia Hajira anakuletea hadithi nyingine ndefu zaidi.

"Tundu la sindano," Simeo alikuwa akiwaambia kila wanapoanza kazi. "Tundu la sindano tu likivuja, hewa inaingia, rezini inakwama, na hapo ilipokwama boti ni kitambaa tu. Utakanyaga, mguu utatokea mtoni."

Maneno hayo yalimwingia Hajira mwilini kuliko mtu yeyote. Sadala, mtoto wake wa pekee, ndiye mvushaji wa kijiji chao upande wa pili wa Mto Pangani. Masika iliyopita kiboko aliibuka chini ya mtumbwi wake wa mti, akaupasua kama ganda la karanga. Abiria wawili waliogelea. Sadala alidaka tawi la mkuyu akaning'inia hapo tangu adhuhuri mpaka alasiri, huku mamba wakija kumtazama miguu na kuondoka na kurudi tena. Alirejea nyumbani na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo akilala mchana mikono inakamata hewa, na mama yake akiiona mikono ile anatoka nje kwenda kulia uani.

Kamati ya kijiji ndiyo iliyoagiza boti. Na mvushaji hukaa nyuma. Pale pale kidole cha Hajira kilipokuwa.

Kilifikaje pale? Hiyo ndiyo habari yenyewe, na ndiyo aliyokuwa akiificha.

Asubuhi ile bigijii iliwaishia. Ilibaki nafasi ya upana wa kiganja, nyuma kabisa, pale mpira wa pampu unapotokea chini ya nailoni. Simeo akasema, "Usiguse kitu, naenda stoo ya ng'ambo kutafuta kipande na kuchukua hadina." Hadina ni ile dawa ya kugandisha rezini. Akaenda. Hajira akabaki anaitazama ile nafasi, na mikono yake ikaanza kumwasha. Mikono ile ilikuwa inaijua nafasi ya namna ile. Ilikuwa imeziona nyingi, miaka kumi na mmoja, na ilikuwa na dawa yake.

Kwenye kikapu chake cha chakula kulikuwa na unga wa muhogo wa kusongea bada. Akachota, akatia maji na majivu kidogo kutoka jikoni kwa mama lishe, akakanda mpaka likawa donge linalovutika, akaziba. Akalainisha kwa kidole kilicholowa. Akabandika kipande cha nailoni juu yake, kwa adabu. Alipowasha pampu kujaribu, mshale ukapanda ukasimama.

"Umepata bigijii?" Simeo aliuliza aliporudi na hadina peke yake.

"Nimepata kidogo," Hajira akasema.

Kidogo cha nini, hakuulizwa.

Basi wakachanganya rezini, wakafungua kibano, na rezini ikaanza kutambaa tumboni mwa boti, rangi ya asali ya nyuki wadogo, ikigeuza mkonge mweupe kuwa kahawia. Ilikuwa inapendeza. Ikafika katikati. Ikapita katikati. Saa nane mchana, mabati ya ghala yakawaka kama kikaango, na Hajira akasikia.

Sss.

Sauti ndogo, ya nyoka mchanga. Simeo hakuisikia kwa sababu ya pampu. Hajira aliisikia kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja usalama wake ulitegemea sauti kama hiyo. Akainama akaona donge limekauka, limepasuka, na katikati limefanya shimo dogo linaloingia ndani, kama kitovu cha mtoto.

Linaingia ndani! Hapo ndipo damu ilipomwenda mbio. Donge alilolizoea lilikuwa likisukumwa nje. Mtambo wa kwao ukivuja ulijisema wenyewe: mvuke unatoka, harufu inatoka, mbwa wa jirani anapiga chafya. Huu ulikuwa ukivuja kwa kumeza, kimya, na kila kipande cha donge kilichobanduka kilikuwa kikielekea ndani ya boti ya Sadala. Hakufikiri. Akapachika kidole gumba.

Na ndivyo ugomvi ulivyoanza.

Simeo sasa alikuwa amekuja karibu, amechuchumaa, anatazama sakafuni. Akaokota chembe nyeupe. Akainusa. Akaionja kwa ncha ya ulimi, kisha akamgeukia Hajira.

"Hii ni bada."

"Ni bada."

"Umeziba mpira wa pampu yangu kwa bada?"

"Na majivu kidogo. Bada tupu haishiki."

Simeo akakaa chini kabisa, mikono kichwani. Halafu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Usitoe kidole!"

"Si ndiyo niliyokuwa nakwambia!"

"Usitoe, usitikisike, usipumue!" Akakimbilia kikombe alichokuwa ameweka kando chenye rezini ya kupimia. Alichomeka kijiti ndani, kikalala. Bado maji maji. "Nusu saa. Pengine dakika arobaini. Utaweza?"

"Nisipoweza nani ataweza?"

Simeo alikanda donge jipya kwa unga wa kikapu kile kile, Hajira akimwelekeza kwa macho na kidevu. Maji zaidi. Siyo hivyo, kama unga wa maandazi. Akalizungushia kidole cha bibi, akaweka juu yake tambara la maji. Mshale ukayumba, wote wawili wakashika pumzi, ukasimama tena. Rezini ilikuwa inakaribia nyuma, lakini sasa ilitembea kama mzee anayepanda mlima.

Wakabaki hivyo, mmoja ameinama, mwingine amechuchumaa na tambara, pampu inanguruma.

"Bibi Hajira. Nani alikufundisha kuziba kwa bada?"

"Niliota."

"Bibi."

"Shangazi yangu, kule Kwaluguru, Handeni. Alikuwa anapika halua."

"Halua inazibwa?"

"Halua ya Kwaluguru inazibwa."

"Na mimi nimezaliwa nchi hii hii, bibi," Simeo akasema. "Pipa, mrija, maji baridi, mfuniko unazibwa kwa donge. Hiyo siyo halua. Hiyo ni gongo."

Siku nyingine Hajira angesimama, angejifunga kanga vizuri, angemtukana mpaka babu yake wa tatu, angeondoka. Lakini mtu aliyeshikwa kidole na pampu haondoki. Jasho lilikuwa likimchuruzika puani na hakuwa na mkono wa kulifuta, maana ule mwingine ulikuwa umeshika ukingo wa kalibu asianguke. Kidole chenyewe hakukisikia tena. Alihofia kukitazama.

"Usimwambie Sadala," akasema polepole.

"Sadala hajui?"

"Sadala ni mtu wa msikiti. Anaadhini. Anajua alikua kwa halua. Na hilo siyo baya zaidi."

"Kuna baya zaidi?"

Kulikuwa nalo. Na kwa kuwa Hajira alikuwa na hofu, na mwenye hofu mdomo wake haufungiki, akalisema.

Mumewe, Mhina, alifariki mapema akamwachia mtoto na shamba la mawe. Shangazi akamwachia mtambo. Akapika. Gongo yake ilikuwa kali kiasi kwamba nyuki wakipita juu ya paa walirudi mzingani wakiimba. Siku moja wakaja askari watatu, na mtambo uko motoni, na mlango ni mmoja. Hajira hakuwa na pa kukimbilia. Akalitoa pipa motoni, akalilaza kitandani linachemka vile vile, akalifunika shuka jeupe mpaka kichwani, akafungua mlango akiwa ameshapiga yowe la kwanza. "Kaka yangu! Jabiri wangu! Umeniacha na nani!"

Askari wakasimama. Wakavua kofia. Pipa likanguruma chini ya shuka.

"Marehemu anaunguruma?" mmoja akauliza.

"Tumbo lake hilo, baba. Lilimsumbua tangu ujana. Hata mauti hayajalituliza."

"Na mvuke?"

"Amekufa kwa homa. Homa haijajua kwamba mwenyewe ameondoka."

Wakampa pole, mmoja akatoa na leso. Wakaondoka kwa unyenyekevu.

Simeo alicheka mpaka tambara likamponyoka, mshale ukayumba, akalidaka huku akilaani. "Sasa ubaya uko wapi hapo? Hiyo ni sifa!"

"Ubaya ni kwamba Sadala alikuwa anarudi madrasa. Miaka sita. Akaingia akaona mama yake analia, shuka jeupe, na askari wamevua kofia. Akaanguka chini, akamlilia mjomba wake Jabiri mpaka akatapika." Sauti yake ikawa ndogo. "Sina kaka, Simeo. Sikuwahi kuwa naye. Nilisema kesho nitamwambia. Kesho yake akaniuliza, mjomba alikuwa mtu wa namna gani, nikasema alikuwa shujaa. Akaniuliza alipigana na nani, nikasema na simba, na kwamba alimshinda akamfundisha kuchunga mbuzi. Mambo yakaenda hivyo. Kila Ijumaa mtoto yule anamwombea dua. Miaka ishirini na saba anaombea pipa."

Simeo hakucheka tena.

"Na mjukuu wangu," Hajira akasema, "anaitwa Jabiri."

Pampu ikanguruma. Nje lori lilipita, ghala likatikisika, na Hajira akakaza kidole mpaka kiwiko kikalia. Rezini ilikuwa imezunguka pembe zote mbili za nyuma, ikagusa mpira wa ukingoni, ikaanza kutiririka kwenye mtego. Lakini mbele kidogo ya kidole chake palibaki pahala peupe, pale hewa ilipokuwa imeshaingia. Duara, kama chapati. Alipakazia macho, akiomba pageuke kahawia. Kingo zake zikajongea kidogo. Kidogo tena. Zikasimama.

"Vuta," alinong'ona, hajui anaiambia nini. "Vuta, mama, vuta."

Simeo akachomeka kijiti kwenye kikombe. Kikasimama wima. Akagusa kikombe, kilikuwa cha moto, akatoa mkono. Akasubiri kidogo, akabonyeza tena.

"Imeganda. Toa."

Kidole kikatoka kwa sauti kama ya kizibo cha chupa. Kilikuwa kimevimba, rangi ya zambarau, na alama ya duara kwenye nyama. Hajira hakukiangalia. Alikuwa anaiangalia ile chapati nyeupe, iliyogandishwa katikati ya kahawia yote, mahali ambapo mwanawe angeweka makalio yake kila siku ya Mungu, juu ya maji yenye mamba.

"Boti nzima imeshika," Simeo akasema, huku akipapasa nailoni. "Angalia. Imara kama mwamba. Ni hapo tu. Pakavu." Akajikuna shingo. "Rangi ya bluu itafunika."

"Rangi ya bluu?"

"Kamati wanakuja keshokutwa. Wakikuta nakata boti mpya sakafuni watasema sijui kazi, watapeleka kwa watu wa mjini."

"Simeo, mwanangu ndiye anayekaa hapo."

"Najua anayekaa hapo!" Simeo akapaza sauti, kisha akaishusha. Na yeye alikuwa anaogopa, uso umempauka. "Njia nyingine ipo. Nakata pakavu pote, nachonga kingo zake, nabandika tabaka mpya. Siku tatu. Pale patakuwa na nguvu kuliko pengine popote. Lakini kamati lazima waambiwe kwa nini, na Sadala ndiye atakayeuliza. Yule anauliza hata msumari umezaliwa wapi."

"Mwambie pampu ilizimika."

"Pampu haikuzimika. Nikisema ilizimika nani atapanda boti iliyotengenezwa na pampu inayozimika? Hapana, bibi. Nitakata, nitabandika, siku tatu nitalala hapa hapa. Lakini bada yako utaibeba mwenyewe."

Hajira aliona mikono ya Sadala inayokamata hewa usingizini. Akaona na uso wake wa Ijumaa, anapoinua viganja na kutaja jina la pipa. Hofu mbili zikamvuta, moja huku na moja huku. Mapigo ya moyo aliyasikia kwenye kile kidole kilichovimba.

Juu ya meza kulikuwa na makapeni nyekundu ya Simeo ya kuchorea vipimo. Akaichukua kwa mkono wa kushoto. Akainama. Akachora duara juu ya nailoni, kuizunguka ile chapati, kisha akalirudia tena na tena mpaka wino ukatiririka, duara nene ambalo hata mtu aliye mlangoni angeliona.

"Sasa hufichi tena," Simeo akasema.

"Sifichi. Nitaanza na bada. Nitamwambia niliziba kwa bada, basi."

"Atauliza nani alikufundisha."

"Shangazi."

"Atauliza shangazi alikuwa anaziba nini."

"Simeo, usinisukume!"

"Mimi sikusukumi, namsemea yeye. Atauliza, mama, shangazi alikuwa anaziba nini? Utasema nini?"

"Nitasema..." Akajifunga kanga upya, akajifungua, akajifunga. "Nitasema, mwanangu, kaa chini kwanza. Nitasema, unamkumbuka mjomba wako Jabiri? Yule mjomba, baba, yule hakuwa..."

Mlango wa bati ukakwaruza. Mwanga wa alasiri ukaingia mpaka kwenye kalibu, na katikati ya mwanga mtu mrefu, kofia ya kufuma kichwani, viatu mkononi ili asichafue sakafu ya watu.

"Hodi. Shikamoo, mama. Fundi, za kazi?" Sadala akasogea, akatabasamu kwa boti yake, akaizunguka kutoka mbele kuja nyuma, akasimama. "Hiki kiduara chekundu cha nini, hapa ninapokaa mimi?"

Simeo akageuka akaanza kuosha ndoo ambayo ilikuwa safi.